Kamba ya Ulimi wa Neema

Ijumaa mchana. Kawangware, saluni.

Leo ni ile baridi ya Julai ambayo hata jua limeamua kubaki kwao. Manyunyu yalianza nikitoka nyumbani Kibera na bado yapo, na tangu nifungue nimesuka kichwa kimoja tu. Hakuna mtu anayetaka kuoshwa nywele siku kama hii. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, miguu nimeisogeza karibu na draya, ninaandika kwa simu, kwenye ukurasa wangu mnaousoma.

Siandiki kwa sababu ya baridi. Ni kwa sababu ya kesho.

Kesho asubuhi mtoto wangu anakatwa chini ya ulimi.

Nikisoma hiyo sentensi naona kama nimepagawa, kwa hivyo wacha niandike pole pole. Si ulimi wenyewe. Ni ile kamba ndogo inayoushika ulimi kwa chini, ambayo wanasema ikiwa fupi mtoto hawezi kuongea. Wifi yangu Mama Kevo, dada ya mume wangu, anaishi hapa Kawangware na anamjua mama mmoja upande wa sokoni ambaye huwakata watoto waliochelewa. Wembe mpya, maji ya chumvi, basi. Kevo mwenyewe alikatwa na huyo mama, na leo anaongea hadi mwalimu anamtoa darasani. Hayo niliambiwa Jumapili tukinywa chai kwake. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Wote wawili wakanigeukia, na mimi nikasema sawa.

Nilisema sawa kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Neema atatimiza miaka minne mwezi wa tisa. Si kwamba haelewi. Ukimwambia lete kiatu analeta, tena cha mguu unaotaka. Ukitaja kuoga anajificha nyuma ya pazia. Lakini yeye mwenyewe hasemi. Akitaka kitu ananyoosha kidole. Kidole kikikosa kueleweka, anavuta nguo yako. Usipomwelewa bado, analia kidogo, halafu anaacha. Kulia kwake nimekuzoea. Ni kule kuacha kunakoniogopesha, kwa sababu ni kama mtu mzima aliyeona hamna haja.

Wiki jana tulimpeleka akademi moja, shule ya kulipia kule mtaa wa Satellite, kwa mahojiano. Ndiyo, mahojiano, kama mtu anayetafuta kazi ya benki. Siku hizi watoto wa nasari wanahojiwa. Nilikuwa nimemsuka mistari ya kwenda nyuma, nikampaka mafuta mpaka akang'aa. Mwalimu akatoa picha: ng'ombe, kikombe, mwavuli. Akamwuliza kwa Kiingereza hiki ni nini, na hiki je. Neema akaangalia picha, akamwangalia mwalimu, halafu akaniangalia mimi. Nilimwona akijua. Naapa nilimwona akijua ng'ombe ni ng'ombe. Akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu vifungo vya sweta yake kwa kidole, kimya kimya.

Mwalimu hakuwa mbaya. Alisema, "Mama, mrudishe mwaka ujao. Na jaribu umpeleke mahali aangaliwe."

Aangaliwe. Hilo neno nimelala nalo wiki nzima. Siku hiyo mimi na Baba Neema tulitembea kutoka Satellite mpaka karakana yake bila kusemezana, mtoto katikati yetu, familia nzima ya mabubu. Yeye ni mchomeleaji, hutengeneza milango na madirisha ya chuma, na alipofika akawasha mashine yake hapo hapo akiwa bado na shati la mahojiano. Nilijua ameumia. Yeye akiumia huchomelea.

Tatizo la kuwa msusi ni kwamba huwezi kuficha jambo. Wateja wanamjua Neema, maana Jumamosi asipokuwa na mtu wa kukaa naye nakuja naye, anakaa chini ya meza ya vitana. Kila anayeketi hapa huniuliza swali lile lile: ameanza kuongea? Kisha ananipa dawa. Mmoja aliniambia kosa ni vioo, kwamba mtoto akijiona kwa kioo kabla hajaota meno ulimi unakufa ganzi. Sasa mimi nifanyeje? Hii ni saluni. Vioo viko kila upande. Neema amelala humu ndani kwenye beseni la taulo tangu akiwa mchanga, ameuona uso wake kabla ya jino lake la kwanza. Mwingine akasema nilimnyoa mapema. Mwingine akasema ni mchanganyiko wa damu, mama Mluhya, baba Mkamba, ulimi umekwama njia panda haujui ushike ya wapi. Saluni nzima ilicheka. Nilicheka pia, kisha nikaenda nyuma kufua taulo ambazo zilikuwa safi.

Kliniki tulienda, msinihukumu. Nesi alimwangalia masikio, akapiga makofi nyuma yake, akamfungua mdomo na kumulika tochi. Akasema anasikia na hajaona shida kwa ulimi. Akasema tungoje, na tumwongeleshe. Mume wangu alitoka pale amekasirika. Alitaka dawa ya chupa, akapewa ushauri.

Tumwongeleshe. Kwani sisi tumefanya nini tangu Krismasi?

Hili sijaliandika hapa kwa sababu najua mtanicheka. Tulikubaliana, kwa ajili ya hiyo akademi, kwamba ndani ya nyumba yetu tutaongea na Neema Kiingereza peke yake. Wazo lilikuwa la baba yake lakini mimi ndiye niliyelisimamia, mpaka nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango: ENGLISH ONLY. Kabla ya hapo Neema alikuwa na maneno yake. Maji. Kuku. Lala. Hapana, tena hapana alikuwa nayo ya kutosha. Mama yangu akipiga simu kutoka Vihiga alikuwa anaishika simu na kuita "Kukhu!", yaani nyanya, mpaka majirani wanasikia.

Niseme ukweli kuhusu Kiingereza chetu. Cha Baba Neema ni cha kazini: okay, measure, finish, tomorrow. Changu ni kile nilichobaki nacho kutoka shule, na nikikichunguza vizuri ni amri tupu. Come. Sit down. Don't touch. Finish your food. Close the door. Sina Kiingereza cha kumwambia mtoto kwamba leo nimeona mbwa amevaa sweta. Sina cha kumwuliza ndoto. Kwa hivyo jioni tunakula, mimi na mume wangu ambao tulipendana kwa sababu ya stori, tunaangalia sahani. Anataka chumvi anasema "pass the... the..." kisha anaamka anaichukua mwenyewe. Mwanzoni Neema akisema maji, nilimwambia say water. Akanyamaza. Maji nilimpa, lakini nilichelewesha kidogo ili ajifunze. Na mama yangu akipiga simu, naiweka sikioni mwa Neema na kumwambia say hello. Mama hajui hello. Wanapumuliana tu.

Lakini kila mtu anafanya hivi. Nikipita Ayany, ile estate ya jirani, nawasikia watoto wa kule wakigombana kwa Kiingereza, tena cha haraka, na mama zao wameshika mkate tu wala hawana habari. Nikajiambia ni kuvumilia, kitaingia. Sasa mwaka umefika nusu na hakijaingia. Na kile kilichokuwepo pia kimetoka.

Leo asubuhi nilimpaka asali juu ya mdomo, pale chini ya pua, nione. Alitoa ulimi wote akaulamba mdomo mpaka karibu aguse pua, kisha akaninyooshea uso niongeze. Nikamwita baba yake: huu ndio ulimi uliofungwa? Akasema hata mbuzi hulamba.

Sikumjibu vibaya. Anaogopa kama mimi, ila yeye akiogopa anataka kitu cha kukata.

Nafunga saluni. Mteja hatakuja na hii baridi. Naenda nyumbani mapema nikae na mtoto wangu leo, maana kesho sijui ataniangalia vipi.


Jioni. Nyumbani, Kibera.

Nimerudi kuandika. Maji ya ugali yako jikoni. Ninaandika haraka, kwa hivyo makosa mtanisamehe.

Ploti yetu ni vyumba vinavyotazamana, na katikati kuna ujia wa kuanikia nguo. Chumba cha mwisho ni cha Mama Baraka, ambaye hukaa na watoto wetu tukienda kazini. Kila siku ninafika giza likianza kuingia. Namwuliza, "Amekusumbua?" Anasema, "Huyu? Wala." Namshika Neema mkono, tunaingia kwetu, nafunga mlango kwa sababu ya baridi, na Kiingereza kinaanza. Hivyo kila siku. Sijawahi kumwuliza Mama Baraka swali lingine.

Leo nimefika mchana. Nguo zilikuwa hazijakauka, na mtu ameanika blanketi kubwa katikati ya ujia, limefunga njia. Nyuma yake watoto walikuwa wanacheza kalongo. Ule mchezo wetu wa udongo na vifuniko vya chupa, mmoja ni mama, mmoja ni baba, mmoja analazimishwa kuwa mtoto. Nilikuwa nataka kuinama nipite, kisha nikasikia mama mmoja analalamika juu ya bei ya unga.

"Wueh, hata sukari," alikuwa anasema. "Hatuezi. Hatuezi kabisa. Kaa vizuri, dear."

Nilidhani ni Atieno, binti wa jirani, ambaye yuko PP2, mwaka wa mwisho wa nasari, na anajua kila kitu kinachoendelea kwenye ploti. Lakini Atieno ndiye aliyekuwa anamjibu.

Niliinua pembe ya blanketi. Neema wangu alikuwa ameketi juu ya mkebe wa rangi, magoti ameyapanua, na katikati ya magoti ameshika hindi bichi lenye nywele zake. Alikuwa anazigawa zile nywele kwa kijiti. Kichwa amekiinamisha upande, kama ninavyoinamisha changu.

"Inauma?" akaliuliza lile hindi. "Pole. Inaisha saa hii."

"Inauma sana," Atieno akajibu kwa niaba ya hindi.

"Hii nywele ni ngumu. Uliosha lini?"

"Jana."

"Jana?" Akasita, akalitazama hindi kwa karibu. "Hii si ya jana."

Hayo ni maneno yangu. Ndivyo ninavyowaambia wateja, na kule kusita pia ni kwangu. Alikuwa anayatoa moja baada ya jingine, mazima, yenye mkia na kichwa: kitana, mafuta, mba, ngoja kidogo, usigeuke, huyo bwanako anasemaje. Kuna mengine aliyatamka kitoto, herufi zimelala, lakini yalikuwa maneno. Yalikuwa mengi kuliko yote niliyomsikia nayo tangu azaliwe.

Mngetarajia nifurahi. Sikufurahi mara moja. Niliona wivu. Niliona wivu juu ya hindi.

Kisha Atieno akatoa sweta kuukuu iliyofungwafungwa kama mtoto mchanga, akamrushia. "Mama Neema, mtoto wako analia."

Mama Neema. Yaani mle mchezoni mtoto wangu alikuwa mimi.

Neema akaliweka hindi chini kwa upole, nywele zikining'inia upande mmoja. Akamchukua mtoto wa sweta, akamkalisha kwenye matope karibu na ukuta. Uso wake ukabadilika, ukawa hauna kitu. Sauti ikashuka.

"Sit down," akasema. "Don't touch. Finish."

Akarudi kwa hindi. Akalishika tena, akalainisha sauti, akaendelea na bei ya unga.

Atieno hakuridhika. Alimwangalia yule mtoto wa sweta kwa huruma. "Si umwongeleshe? Bado analia."

"Mtoto haongei," Neema akamwambia, bila kugeuka. "Customer ndio huongea."

Maji ya blanketi yalikuwa yananidondokea shingoni na sikuyasikia. Mama Baraka alitokea nyuma yangu na ndoo, akaniona natazama, akasema, "Umefika mapema leo. Huyo wako akianza saluni yake hanyamazi, ananiumiza kichwa."

"Kwa nini hujawahi kuniambia?"

Akashangaa. "Nikuambie nini? Si ni mtoto wako?"

Hakuwa na kosa. Mimi nilimwuliza kama anasumbua, na kwake kuongea si kusumbua.

Nilikuwa nawaza Jumamosi zangu. Neema chini ya meza ya vitana, na juu ya kichwa chake mimi ninaongea na kila mtu. Ninaongea na anayesukwa, na anayengoja, na anayeuza mayai ya kuchemsha mlangoni, na anayepita tu. Nawapa Kiswahili changu chote, utani, umbea, pole. Kisha nainama, namwona mtoto amegusa rangi ya nywele, na kwa sababu wateja wanasikia na nataka waone ninalea vizuri, ninamwambia kwa Kiingereza: sit down, don't touch. Jioni nafika nyumbani mdomo umechoka na amri ndizo zilizobaki.

Mtoto aliangalia hayo yote kutoka chini ya meza akafanya hesabu yake. Na hesabu yake haikuwa mbaya.

Nikainama nikapita chini ya blanketi.

Watoto wote wakanyamaza. Neema aliponiona, mdomo ulifungwa hapo hapo, kama mlango wa duka wakitokea kanjo, wale askari wa jiji. Akaweka hindi nyuma ya mkebe. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlango wetu, kwamba twende nyumbani. Katika yote niliyoyaona leo, hicho kidole ndicho kilichoniuma zaidi. Dakika moja tu iliyopita alikuwa na maneno tele. Alikuwa nayo na akaamua kwamba mimi si wa kupewa.

Nilitaka kumkumbatia nilie. Nilitaka kumwambia pole kwa lugha zote ninazozijua. Badala yake nilifanya jambo la kijinga, sijui lilitoka wapi. Kulikuwa na beseni limepinduliwa, nikalikalia. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikakikunja kwenye mapaja. Nikasema, kwa sauti ya mama yeyote anayeingia saluni kwangu:

"Sasa, msusi. Kuna nafasi ama umejaa?"

Neema akamwangalia Atieno. Atieno, Mungu ambariki, hapendi kazi ilale. "Mhudumie customer," akamwambia.

Nilingoja. Sijawahi kungoja hivyo hata kwenye wadi ya kujifungua. Nilikuwa nimewapa mgongo, nasikia manyunyu kwenye mabati, na najiambia usigeuke, usimwambie come, usimwambie chochote. Halafu nikasikia mkono mdogo, baridi, una matope, unashika nywele zangu.

"Nafasi iko," akasema.

Alisema nami. Aliniambia mimi.

"Unataka mistari?"

"Mistari, ya kwenda nyuma."

"Kaa vizuri. Umetoka wapi?"

"Kawangware."

"Huko kuna baridi?"

"Sana. Hata wateja hawakuja."

"Ai," akasema kwa masikitiko. "Hii baridi itatumaliza."

Nilijibu kila kitu. Nilimwambia juu ya mbwa niliyemwona amevaa sweta, ile stori niliyoikosea Kiingereza. Akacheka, akaniuliza sweta ya rangi gani, nikamwambia nyekundu, akasema yeye angevaa ya manjano. Alinivuta nywele vibaya sana. Aliniambia nina mba. Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nina mba.

Kisha akauliza, kwa ile sauti ya kupitisha wakati, "Na una mtoto?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

"Neema."

"Ameanza kuongea?"

Mikono yake haikusimama. Kwake ni swali la saluni tu, linakuja baada ya jina. Alikuwa amelisikia juu ya kichwa chake Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila mara alinisikia mimi nikijibu bado, nikijibu hata sijui ana nini. Mteja asipojibu, msusi huendelea kusuka, na ndivyo alivyofanya.

"Anaongea," nikasema mwishowe. "Ni mamake hakuwa anamjibu."

Akafikiri kidogo. Akanipiga piga begani, kama ninavyowapiga wateja wakimaliza kunililia mambo yao.

"Pole," akaniambia. "Atazoea."

Baba Neema alirudi kabla sijawasha jiko. Nilimsimulia yote kwa Kiswahili, mlango wazi. Alisikiliza akiwa amesimama na glavu zake mkononi. Hakuruka kwa furaha. Aliniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalikwepa: "Na wale wa Satellite? Hao hawatamuuliza mambo ya nywele."

Huenda mwaka ujao picha ya ng'ombe itatolewa tena na Neema atainamisha kichwa tena. Huenda amechelewa kweli, na nikajifariji na mchezo wa kalongo. Kuiga maneno ya saluni si sawa na kuwa na maneno yako, hata mimi najua. Lakini manjano ilikuwa yake. Hakuna mteja aliyewahi kusema kitu juu ya sweta ya manjano.

Baba Neema alikuwa bado amesimama mlangoni, hataki kuamini na anataka. Neema alikuwa kitandani na hindi lake. Baba yake akaweka glavu chini, akakaa kwenye stuli, akakohoa kama mtu anayeingia mahali pa wageni.

"Madam," akasema, "mimi naeza nyolewa hapa?"

Neema alimwangalia kichwa, akamwangalia ndevu. Alichukua muda wake.

"Hapa hatunyoi wanaume," akamwambia.

Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia kwenye ujia akipenga kamasi, na Mama Baraka akimwuliza kama hii homa imempata pia. Aliporudi akanipa simu yake, jina la dada yake tayari liko kwenye kioo. Akasema, "Mwambie wewe. Mimi atanishinda."

Nilimwambia. Nikasema: wifi, kesho hatuji, asante kwa kutufikiria. Mama Kevo akasema haya, huyo mama wa sokoni alikuwa ameshanitengea nafasi, na mtoto akifika miaka sita hajasema kitu msije kunilaumu. Alikata. Nimekaa na hayo maneno yake tangu hapo, na sitasema hayanisumbui. Yamekaa pale pale ilipokuwa ile hofu ya kesho. Ila haya naweza kulala nayo.

Baba Neema amefuta ile chaki nyuma ya mlango kwa kitambaa kibichi. Haijatoka yote. Sasa hivi anampigia mama yangu Vihiga, na simu iko sikioni mwa Neema, na sijamwambia aseme nini. Bado hajasema. Anapumua tu, na huko upande wa pili mama anaita jina lake na kumsalimu kwa Kiluhya, Neema, Neema, mulembe.

Kesho ni Jumamosi. Tutaenda Kawangware, tutapita sokoni bila kusimama, na tutafungua saluni. Sijui ataamka nani, yule msusi au yule wa kidole. Nikiwa mkweli, naogopa ataamka wa kidole. Basi akininyooshea, nitavuta beseni, nikae, nimwulize kama kuna nafasi.